Nani alipie siku za kimya? Walipaji wa makala simulizi, wakipimwa kwa kazi moja

Nina daftari moja la zamani ambalo sijalitupa. Nililiandika siku baada ya siku nilipokuwa mhariri wa jarida dogo, nikitaka kujua makala moja ndefu inakula muda gani. Ilikula siku 71. Katika hizo, mwandishi alikaa kuandika kwa siku 9 tu. Siku 62 nyingine zilikwenda kwenye safari, kusubiri, simu zisizopokelewa, kusoma nyaraka, kuhakiki jina moja moja na tarehe moja moja, kisha kungoja wakili amalize kupitia rasimu.

Makala ilihusu wafanyakazi wa kiwanda walioharibiwa mapafu na vumbi. Mjane wa mmoja wao alimkaribisha mwandishi wetu mara tatu. Alimpa kiti, akamweleza habari za watoto, akamuaga. Mara ya nne aliingia chumbani akatoka na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na hati za mshahara za miaka 11 na vyeti vya zahanati vya marehemu mumewe, vimekunjwa vidogo vidogo, kila kimoja na tarehe yake na mhuri wake. "Nilitaka kwanza kujua kama utarudi," alimwambia. Kabla ya bati lile tulikuwa na malalamiko tu. Baada yake tukawa na makala.

Sasa, ziara tatu za kwanza nani alizilipia? Hazikuzaa hata aya moja, na bado kila moja ilikuwa na nauli, posho na siku nzima ya mshahara. Kwangu mimi swali la mustakabali wa uandishi wa habari wenye kina limekaa hapo hapo. Fedha za kuchapisha hupatikana. Fedha za kuandika nazo hupatikana kwa kuhangaika. Zilizo adimu ni fedha za siku za kimya, zile ambazo ukimtazama mwandishi unadhani hafanyi kitu.

Ndiyo maana nikilinganisha walipaji sianzi na ukubwa wa mfuko. Naichukua makala ile ile ya siku 71, naipitisha mikononi mwa kila mmoja, naangalia kama ingefika mwisho. Kisha nauliza mawili zaidi: mlipaji huyu akikasirika, anaweza kuiua peke yake? Na ikishatoka, mjane yule angeweza kuisoma?

Matangazo

Kwa muda mrefu hakuna aliyelipia siku za kimya vizuri kama mwenye tangazo, na alizilipia bila kukusudia. Tarehe 31 Agosti 1946 jarida la The New Yorker lilitoa toleo zima kwa kazi moja ya John Hersey, simulizi ya watu sita walionusurika bomu la atomiki la Hiroshima, maneno 30,000 hivi. Jalada lilikuwa na mchoro wa watu wakipumzika bustanini, halikudokeza kitu. Matangazo ya biashara yalikaa pembeni mwa kurasa kama kawaida. Wenye bidhaa walikuwa wamenunua nafasi mbele ya macho ya wasomaji. Kilichoandikwa kando ya tangazo kilikuwa juu ya mhariri.

Siri yake ilikuwa fungu. Gazeti liliuza kwa pamoja matokeo ya michezo, nafasi za kazi, nyumba za kupanga, magari yaliyotumika, tanzia na siasa, na fedha ya tangazo dogo la gari ikamlipia nauli mwandishi wa uchunguzi. Intaneti ilipolifungua fungu hilo kila kitu kilikwenda kivyake, na uchunguzi ukabaki umesimama peke yake. Magazeti ya Marekani yaliingiza takribani dola bilioni 49 za matangazo mwaka 2005. Mwaka 2020 yaliingiza chini ya bilioni 10.

Tangazo la mtandaoni hulipa kwa idadi ya macho. Aliyeandika kwa dakika 20 na aliyehangaika siku 71 hulipwa sawa wakitazamwa sawa, na huyo wa kwanza atakuwa ameshaandika nyingine nyingi kabla wa pili hajaonyeshwa bati. Mwaka 2021 BuzzFeed News ilipata tuzo ya Pulitzer kwa kufichua, kwa kutumia picha za satelaiti na maelezo ya watu waliopita humo, mtandao wa kambi za kuwazuilia Waislamu huko Xinjiang, China. Aprili 2023 kampuni ilitangaza kuifunga idara hiyo. Ilikuwa imejengwa juu ya wasomaji wanaoletwa na mitandao ya kijamii, na tangu Januari 2018 Facebook ilikuwa imeamua kupunguza nafasi ya vyombo vya habari kwenye kurasa za watumiaji wake. Tuzo kubwa kuliko zote katika fani ilikuwa ukutani, na kwenye hesabu haikuwa na mahali pa kuingia.

Macho yenyewe sasa yanazidi kupungua. Tangu Mei 2024 Google ilipoanza, kwa Marekani, kuweka juu ya matokeo ya utafutaji majibu yaliyoandikwa na akili mnemba, mtu anaweza kupata muhtasari wa makala asiifungue makala yenyewe. Anayeishi kwa kuuza habari fupi zinazofupishika ana sababu ya kuogopa. Mashine inaweza kufupisha yaliyomo kwenye bati la biskuti, lakini lazima kwanza pawe na mtu aliyerudi mara ya nne.

Na hasira ya mlipaji? Makala yetu ya vumbi ilipotoka, kampuni yenye uhusiano na kiwanda kile iliacha kutangaza kwetu kwa nusu mwaka. Hakuna aliyepiga simu kutisha. Ile oda ya kila mwezi haikuja, basi. Chombo chenye matangazo 300 hakishtuki kwa hilo. Chenye matangazo 7 kinachelewesha mishahara, na mwandishi anayefuata mwenye wazo kama lile anaambiwa kwa upole kwamba sasa si wakati wake.

Ukuta wa malipo

Machi 2011 The New York Times ilipojenga ukuta na kuwataka wasomaji wa mtandaoni walipe, wengi walidhani imejimaliza. Mwaka 2023 ilivuka wateja milioni 10. Ukitazama ndani utakuta fungu la zamani limefungwa upya: mapishi, fumbo la maneno la Wordle lililonunuliwa Januari 2022, na The Athletic ya habari za michezo iliyonunuliwa mwezi huo huo kwa dola milioni 550. Mtu analipia fumbo lake la asubuhi, na fedha hiyo hiyo inampeleka mwandishi vitani. Sioni aibu yoyote hapo. Tangazo la gari nalo lilifanya kazi hiyo hiyo.

Shida ni kwamba mfano huo hauigiki. Kuna vyombo vichache duniani vyenye fedha za kununua fumbo linalochezwa na mamilioni, na msomaji anayelipia habari mara nyingi hulipia chombo kimoja, akichagua kilicho kikubwa. Utafiti wa Taasisi ya Reuters ya mwaka 2024, uliohusu nchi 20 nyingi zikiwa tajiri, ulikuta asilimia 17 ya watu ndio walilipia habari yoyote ya mtandaoni katika mwaka uliopita. Norway ilikuwa asilimia 40, lakini hiyo ni Norway.

Kwa chombo kidogo mfano wa kutazama ni Mediapart ya Ufaransa. Ilianza mwaka 2008 wakati karibu kila tovuti ilikuwa ya bure. Ilikataa matangazo, ikakataa ruzuku ya serikali, ikakataa bwana mwenye fedha. Kauli yake inasema kwamba wasomaji wake tu ndio wanaoweza kuinunua. Haina mapishi wala mafumbo, inauza uchunguzi wenyewe. Desemba 2012 iliandika kwamba Jérôme Cahuzac, waziri wa bajeti aliyekuwa akipambana na wakwepa kodi, alikuwa na akaunti ya siri Uswisi. Alikanusha hata bungeni. Machi 2013 alijiuzulu, Aprili akakiri. Hebu fikiria miezi hiyo minne katika chombo kinachoishi kwa matangazo, waziri akiwa anakanusha kila siku na vyombo vingine vikiuliza ushahidi uko wapi. Mediapart ilivumilia kwa sababu wa kukasirika walikuwa maelfu ya watu waliojilipia wenyewe ili kazi kama ile ifanyike. Leo ina wasajili zaidi ya 200,000, na mwaka 2019 waasisi wake waliikabidhi kwa mfuko usio wa faida ili isije ikauzwa.

Kwa hiyo siku 62 ukuta unazilipia, wasajili wakiwa wa kutosha, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuiua makala. Lakini mjane hasomi. Makala iliyojengwa kwa karatasi zake ingekaa nyuma ya mlango unaotaka kadi ya benki. Na kuna jambo la taratibu zaidi, ambalo nimeliona kwenye vikao vya wahariri: takwimu za kila Jumatatu zinaonyesha ni makala zipi zilimfanya mtu alipe, na walipaji wengi ni watu wa ofisini, basi mada zinaanza kuhamia huko. Hakuna anayeamuru. Mwaka unapita, unagundua hujaandika kuhusu kiwanda.

Uanachama wa mlango wazi

Uanachama unafanana na usajili kwa sura, ila kinachonunuliwa ni kingine. Msajili ananunua ufunguo. Mwanachama analipa ili mlango ubaki wazi hata kwa asiyeweza kulipa. Watu wengi huniambia hilo ni ndoto, kwamba hakuna anayelipia kitu anachoweza kukipata bure. Ushahidi unakataa.

The Guardian ya Uingereza ilianza mwaka 2016 kuomba michango chini ya makala zake, bila ukuta, na katika mwaka wa fedha 2018/19 ikafuta hasara za uendeshaji zilizokuwa zimeisumbua miaka mingi. Lakini anayeiga tangazo lile la kuomba akumbuke kwamba nyuma ya gazeti hilo ipo Scott Trust, iliyoanzishwa mwaka 1936, na mfuko wa zaidi ya pauni bilioni 1. Lilipokuwa linajifunza kuomba lilikuwa na pa kuegemea. Daily Maverick ya Afrika Kusini haikuwa na mfuko wa namna hiyo. Mwaka 2017 ilishiriki kuchapisha uchunguzi wa barua pepe za familia ya Gupta uliotikisa utawala wa Rais Jacob Zuma, mwaka uliofuata ikafungua uanachama ambao kila mtu anajipangia kiasi chake, na makala zikabaki wazi. Mpangilio huo una maana: watu walikwisha kuona kazi, ndipo wakaombwa.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa chombo kimoja kilichofanya jambo lile lile mara mbili. De Correspondent ya Uholanzi ilikusanya zaidi ya euro milioni 1 kwa siku chache mwaka 2013, kabla haijachapisha kitu, kwa ahadi ya habari zisizokimbizana na matukio ya siku. Mpaka leo ipo. Mwaka 2018 waasisi wake wakaomba tena, safari hii kwa toleo la Kiingereza, wakapata dola milioni 2.6 kutoka kwa watu zaidi ya 45,000 katika nchi 130 hivi. The Correspondent ilianza Septemba 2019, na mwisho wa 2020 ikafunga. Waanzilishi walewale, mbinu ileile, fedha nyingi zaidi. Walitaja janga la korona na wanachama waliokosa uwezo au hamu ya kuendelea, na naamini lilichangia. Ila naona pia kwamba Waholanzi walikuwa na jambo moja la pamoja, yaani nchi yao na mijadala yao, wakati wale 45,000 walishirikiana wazo zuri tu. Wazo zuri humfanya mtu achangie mara moja. Kumfanya achangie mwaka wa pili kunataka jambo analokutana nalo akifungua mlango wake.

Zetland ya Denmark inaonyesha kitu kingine, kwamba namna ya kusimulia yenyewe inaweza kuwashika wanachama. Waandishi wake husoma makala zao kwa sauti zao wenyewe, na sehemu kubwa ya wanachama husikiliza badala ya kusoma. Makala ndefu ambayo mtu angeiahirisha mpaka Jumapili, kisha asiisome, anaimaliza akiosha vyombo.

Sasa siku za kimya. Hapa ndipo uanachama unapowashinda wote, kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoijua ambayo ukimya wenyewe unaweza kuonyeshwa kwa mlipaji. Katika chombo nilichohamia baadaye, mwandishi aliyekuwa kwenye kazi ndefu aliwaandikia wanachama barua fupi kila Ijumaa. Wiki moja aliandika kwamba amekataliwa kuonana na watu watatu, amesoma kurasa 400 za hukumu, na hajui kama ana makala. Nilidhani watadai fedha zao. Jibu la kwanza lilitoka kwa mhasibu mstaafu: nitumieni hesabu za kampuni hiyo, nina muda. Alizisoma kwa siku sita, akatuonyesha ukurasa ambao sisi tuliupita bila kuona kitu.

Kuna mpaka wa kulinda hapo. Kazi inayoweza kumhatarisha mtu haitangazwi kabla ya wakati, na jina la mjane haliingii kwenye barua ya Ijumaa hata kwa fumbo. Na uanachama una kazi nzito ambayo wengi hawaihesabu: lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kujibu barua, kuwakumbusha wanaosahau kulipa, kuwaita mikutanoni. Ukimpa mwandishi kazi hiyo juu ya zake, utapoteza vyote viwili. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini awepo wa kukishika kibaba.

Ruzuku, na tajiri mmoja

Watu huviweka pamoja kwa kuwa vyote ni fedha za mtu mwingine. Mimi navitenga.

Ruzuku ya wakfu hulipa siku za kimya waziwazi, kwenye bajeti, kwa jina lake. Hapo haina mpinzani. ProPublica ya Marekani ilianzishwa mwaka 2007 kwa ahadi ya Herbert na Marion Sandler ya dola milioni 10 hivi kwa mwaka. Mwandishi wake Sheri Fink, ambaye pia ni daktari, alitumia zaidi ya miaka miwili kuchunguza vifo vya wagonjwa katika hospitali moja ya New Orleans iliyozingirwa na maji ya kimbunga Katrina mwaka 2005. Makala ilitoka Agosti 2009, ikachapishwa pia na jarida la The New York Times, na mwaka 2010 ikapata Pulitzer. Wahariri walikadiria gharama yake kuwa dola 400,000 hivi. Hakuna tangazo ambalo lingelipa kiasi hicho kwa makala moja, na ilisomwa bure na yeyote aliyetaka.

Kasoro yake iko kwenye kalenda. Wakfu una mada zake za mwaka huu, na mwaka ujao zitakuwa nyingine. Kama mada ni hali ya hewa, ombi lako la vumbi la kiwandani litavalishwa nguo ya hali ya hewa. Nimeyaandika maombi ya namna hiyo, najua yanavyopinda kazi. Kisha miezi 12 ya ruzuku inakwisha na ndiyo kwanza bati limefunguliwa. Na mfadhili akiondoka, anaondoka siku moja. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vyombo huru katika nchi nyingi viliamka vikiwa na mikataba iliyosainiwa na akaunti tupu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa ndugu hakuwa amekasirishwa na chochote walichoandika. Mambo ya nyumbani kwake yalibadilika tu.

Tajiri mmoja ana faida ya kutojaza fomu. Jeff Bezos aliinunua The Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250, na kwa miaka kadhaa chumba cha habari kilikua. Kisha Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, gazeti likatangaza kwamba halitamuunga mkono mgombea yeyote, uamuzi uliotoka kwake. Iliripotiwa kwamba zaidi ya wasajili 250,000 walijiondoa ndani ya siku chache. Wale waandishi waliokuwa katikati ya siku zao za kimya hawakushirikishwa katika uamuzi ule wala katika hasira ile, ila fedha zilizoondoka zilikuwa za kuwalipa wao. Wakfu una barua yenye tarehe ya mwisho. Tajiri ana moyo wake, na moyo hauna tarehe. Kama ni lazima uchague kati ya hao wawili, chukua barua.

Kodi na ada ya umma

Kwa upana wa wasomaji hakuna kinachoshinda fedha ya umma: kila mtu analipa, kila mtu anapata, mjane akiwemo. Lakini tazama mkono unaoshika bomba. BBC ya Uingereza hulipwa kwa ada ya kila kaya yenye kutazama televisheni, ambayo Aprili 2025 ilipandishwa kufika pauni 174.50 kwa mwaka. Kati ya 2022 na 2024 serikali iliizuia isipande, ikabaki pauni 159 huku bei za vitu zikipaa. Halikuguswa neno lolote la mhariri yeyote, na bado kazi zilipungua. Marekani, Julai 2025, bunge lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa utangazaji wa umma, na mwezi uliofuata shirika lililokuwa likizigawa likatangaza kufunga shughuli. Panapokuwa na fedha ya umma inayogawiwa kwa kanuni iliyoandikwa, bila waziri kuchagua nani apate, ichukue. Usijenge mshahara wa mtu juu yake.

Mwandishi peke yake

Substack, iliyoanza mwaka 2017, humwezesha mwandishi kuwauzia wasomaji barua pepe zake moja kwa moja na huchukua asilimia 10. Hesabu inavutia: watu 1,000 wakilipa dola 5 kwa mwezi, unabaki na 4,500 kabla ya makato ya kadi. Kwa mchambuzi anayeandika kila wiki ni riziki halali. Kwa makala ya siku 71 ni mtego, maana anayelipa kila mwezi anatarajia kitu kila wiki, na wewe uko kwa mjane, ziara ya pili. Wakili wa kupitia rasimu humlipi peke yako. Mhariri wa kukuambia kwamba aya ya tatu haijathibitishwa huna.

Kwa hiyo uchague yupi

Kama wewe ni mwandishi mmoja mwenye simulizi moja nzito, usianzishe chombo. Omba ruzuku ya makala hiyo tu, kisha ipeleke kwenye chombo chenye wakili na wasomaji. Hesabu siku kwa uaminifu kabla ya kuomba. Wengi huandika siku 30 kwa kuona aibu ya kuandika 70, halafu hulipia 40 zilizobaki kwa akiba ya nyumbani.

Kama mnaandika kwa ajili ya watu wa taaluma fulani, wanasheria, madaktari, wafanyabiashara, jengeni ukuta na msiombe radhi. Wanaweza kulipa na kazi yenu inawaingizia.

Kama mnaandika kuhusu watu wasio na kadi, msiwafungie nje ya habari zao wenyewe. Anzeni na uanachama, hata ukianza na watu 200, na ruzuku ziwe juu yake kama paa. Mimi nina kanuni ninayoishikilia kwa ukali: asiwepo mlipaji mmoja, hata awe mwema namna gani, anayetoa zaidi ya theluthi moja ya mapato. Akipita hapo, rudisha kiasi au ongeza wengine, kwa sababu siku moja ataondoka. Matangazo yachukuliwe yakija, yalipie umeme na karatasi.

Na kama wewe ni msomaji unayetaka kujua fedha yako iende wapi, toa kidogo kila mwezi badala ya kingi mara moja. Mchango mkubwa wa Desemba hunifurahisha, lakini siwezi kumwahidi mwandishi miezi mitatu kwa mchango huo. Kwa michango midogo 200 inayojirudia naweza.

Sisi tulitenga sehemu ya kumi ya michango hiyo kwenye akaunti ya pekee. Kwenye vitabu vyetu tuliipa jina la Bati, na sheria yake ni moja: fedha zake hazitoki ila kwa siku ambayo haikuzaa aya. Mwezi uliopita zimetoka nauli na posho ya mwandishi wetu kwenda kwa mzee mmoja, ziara ya tano. Amempa kiti. Bado wanazungumza habari za watoto.